Testi 23 zinapita kwenye laptopu, GitHub Actions inasema "collected 0 items"

kipepeo_7
Wakuu, habari za kazi. Nina mradi wa Python wa kukokotoa marejesho ya mkopo. Testi zote ziko kwenye folda ya `majaribio/`. Kwenye laptopu ya Windows nikiandika `pytest` (programu ya kuendesha testi) zinapatikana 23 na zote zinapita. Nikisukuma GitHub, kazi ya GitHub Actions (huduma yake inayoendesha testi kwenye seva) inakatikia hapa:

```
collected 0 items
Error: Process completed with exit code 5.
```

Seva ni `ubuntu-latest`, hatua ya `actions/checkout` ipo, na `pip install -r requirements.txt` inamaliza vizuri. Nimejaribu pia `pytest majaribio/`, jibu ni lilelile. Niangalie wapi?

fundi_seva
Mkuu, 5 haimaanishi testi zimefeli. Pytest ina misimbo yake ya kumalizia (exit code): 0 zote zimepita, 1 kuna iliyofeli, 2 kazi imekatizwa, 4 amri au njia ina kasoro, 5 hakuna testi hata moja iliyopatikana. `pytest majaribio/` ingetoa 4 kama folda isingekuwepo. Imetoa 5, kwa hiyo folda imefika. Kinachokosekana ndani yake ni faili lenye jina ambalo pytest inalitambua, yaani `test_*.py` au `*_test.py`.

Usiamini unachokiona kwenye Explorer, iulize Git yenyewe:

```
git ls-files majaribio
```

Ukikuta `Test_malipo.py` yenye T kubwa, umeshampata mchawi. Git ya Windows huwekwa `core.ignorecase=true`, hivyo ukibadilisha T kuwa t kwenye Explorer yenyewe haioni badiliko lolote, na jina la zamani linabaki kwenye repo. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Linux inajali. Badilisha kwa hatua mbili, kupitia jina la muda:

```
git mv majaribio/Test_malipo.py majaribio/muda.py
git mv majaribio/muda.py majaribio/test_malipo.py
```

Kama faili halimo kabisa kwenye orodha, basi hukulikomiti, au `.gitignore` (orodha ya faili ambazo Git inaziruka) inalificha. `git check-ignore -v majaribio/test_malipo.py` itakutajia mpaka namba ya mstari unaohusika.

jembe_la_kodi
Kama una haraka weka `pytest || true`, alama itakuwa ya kijani.

MamaLinux
Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Hapo hata testi zikifeli zote 23, kosa la riba litapita mpaka kwa mteja na hakuna atakayeonywa. Msimbo 5 unakulinda, uache ufanye kazi yake.

kipepeo_7
Fundi, ni kweli kabisa: `Test_malipo.py` na `Test_riba.py`. Nimezirekebisha, sasa zinaonekana, ila nimepata `ModuleNotFoundError: No module named 'mkopo'` na msimbo 2.

MamaLinux
Umesogea. Ukiita `pytest` peke yake, folda uliyosimama haiingizwi kwenye `sys.path` (orodha ya mahali Python inapotafuta moduli). Inayoingizwa ni folda ya faili la testi, yaani `majaribio/`, na `mkopo` haimo humo. Kwenye laptopu kuna kitu kinachokubeba: labda uliwahi kuendesha `pip install -e .`, labda `PYTHONPATH` imewekwa, au kuna `__init__.py` ndani ya `majaribio/` ambayo hukuikomiti. `pip show mkopo` na `git status` vitakuonyesha.

`python -m pytest` inatosha kutatua, kwa kuwa yenyewe huongeza folda ya sasa. Mimi ningeweka kwenye `pyproject.toml`, ili yeyote atakayeunakili mradi asihitaji kukumbuka amri maalumu:

```
[tool.pytest.ini_options]
pythonpath = ["."]
testpaths = ["majaribio"]
```

`pythonpath` inahitaji pytest 7.0 au zaidi. Na toleo la Python kwenye YAML (faili la mipangilio ya GitHub Actions) liandike ndani ya alama za nukuu: `3.10` isiyo na nukuu husomwa kama namba 3.1, na hatua ya kusakinisha Python inafeli.

fundi_seva
La mwisho, kwa sababu mkopo ni hesabu ya tarehe. Seva hizo zinatumia UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, `date.today()` kule bado inasema jana. Testi ya riba ya siku itafeli muda huo tu, asubuhi inapita, na utaisaka wiki nzima. Ndani ya programu tumia `datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")).date()`, na kwenye Windows ongeza kifurushi cha `tzdata`, maana haina orodha hiyo ya majira ambayo Python inaisoma. Kwenye testi usiulize saa kabisa. Ipe fomula tarehe kwa mkono: `kokotoa_riba(leo=date(2024, 2, 29))`. Hapo unajaribu na mwaka mrefu papo hapo.