Jakuzi la nyumbani: kuacha vidonge na kuhamia mashine ya chumvi ya bromini

MamaMapacha aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina jakuzi la lita 1,200, lipo nje chini ya paa. Natumia vidonge vya bromini vya kuelea na vimenichosha: leo maji yana harufu kali, kesho nikipima sioni kitu. Nimeona mashine za chumvi, zile ambazo seli yake (kifaa chenye bamba za umeme) unaitumbukiza ukingoni. Wanasema ukishamwaga chumvi unasahau kabisa. Mama yangu anasumbuliwa na magoti na huingia karibu kila jioni, na ngozi yake haivumilii vitu vikali. Je, ni salama kwake? Chumvi ya jikoni inafaa? Na maji niliyonayo niendelee nayo au niyamwage?

FundiPampu:

Dada, mashine ni nzuri. Kazi yangu ni kutunza majakuzi, na kwa jakuzi linalotumika karibu kila siku ndiyo ninayopendekeza. Ila hilo la "unasahau kabisa" lifute kichwani leo hii.

Chumvi yenyewe haiui kijidudu hata kimoja. Inayotakiwa ni bromidi ya sodiamu. Maji yakipita kwenye seli, umeme unaigeuza bromidi kuwa bromini. Bromini inaua vijidudu, inaunguza jasho na mafuta ya mwili, halafu inarudi kuwa bromidi na kuanza upya. Kwa hiyo chumvi haiishi upesi, hupungua tu maji yanaporuka nje au unapoyabadilisha. Ya jikoni iache jikoni: ni kloridi, kwa hiyo seli ingekutengenezea klorini, tena ina madini joto na dawa za kuzuia isigande.

Mashine nyingi za kutumbukiza hutaka gramu 1.5 hadi 2 kwa lita (soma kijitabu cha yako). Kwako ni kilo 1.8 hadi 2.4. Anzia chini huku pampu ikizunguka. Kuongeza ni rahisi, lakini chumvi ikizidi huna namna ila kumwaga maji.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: seli hutengeneza bromini polepole. Watu wanne wakikaa saa nzima, wataitumia kuliko seli inavyoweza kurudisha usiku huo. Taa ya mashine itawaka vizuri tu, lakini taa inakuambia umeme unapita, haikuambii maji ni salama. Kwa hiyo pima kila mara kabla mtu hajaingia. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inataka bromini iwe miligramu 4 hadi 8 kwa lita na pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe 7.0 hadi 7.8. Chini ya 4, mama asubiri. Nasisitiza kwa sababu maji ya joto yenye dawa haba ndiyo makazi ya bakteria wawili: Pseudomonas, inayoleta vipele vya ngozi, na Legionella, ambayo mtu huivuta kwenye mvuke hadi mapafuni. Hiyo ya pili huwa kali zaidi kwa wazee.

Maji ya zamani mwaga. Vidonge huacha mabaki ya kile kinachoibeba bromini, nayo hujilimbikiza. Kabla ya kumwaga, zungusha dawa ya kusafisha mabomba. Utelezi ulioganda ndani ya mabomba huila bromini mpya kabla haijafika kwa mtu.

Bi_Kisima:

Naongezea mawili. Seli hupandisha pH, na mapovu ya hewa yanazidisha, kwa hiyo dawa ya kushusha pH iwe karibu. Ukiona ukoko mweupe kwenye bamba za seli ni chokaa: zima umeme, loweka seli kwenye siki iliyochanganywa na maji, usikwangue kwa chuma.

La pili, vidonge vilivyobaki viache kwenye kopo lake, pakavu. Visikutane kamwe na vidonge au unga wa klorini, hata kwa kijiko kimoja. Vikichanganyika vinaweza kulipuka au kuwaka moto.

MamaMapacha:

Asanteni sana. Wageni wakija wengi, nifanyeje? Na watoto wangu wana miaka minne.

FundiPampu:

Watoto hapana, dada. Chini ya miaka mitano wasiingie kabisa, miili yao hupata joto kupita kiasi haraka. Wakubwa nao, maji yasizidi nyuzi 40.

Wageni wakitoka, weka unga wa monopasalfeti ya potasiamu kwa kipimo cha kwenye kopo. Unaunguza uchafu na papo hapo unaiamsha bromidi kuwa bromini. Acha mfuniko wazi na pampu ikizunguka ili harufu itoke, kisha upime. Ikiwa juu ya 8, subiri ishuke.

Kwa mama: aoge kwanza kwa sabuni na ajisuuze vizuri, bila losheni wala mafuta mwilini, ili seli isielemewe. Akitoka ajisuuze tena. Akiwashwa hata siku ambazo vipimo viko sawa, huenda ngozi yake inaikataa bromini yenyewe. Hapo mpeleke kwa daktari wa ngozi, usiendelee kupunguza dawa kwenye maji.

MamaMapacha:

Nimeelewa. Kesho naanza na mabomba.