Naomba ushauri: vidonge vya vimeng'enya kwa mgonjwa wa baridi yabisi

Habari zenu ndugu. Dada yangu, tuko Ujiji, Kigoma, ana baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwenyewe. Anameza methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga, mara moja kwa wiki pamoja na foliki asidi, na vidole vimeanza kukunjuka asubuhi, alhamdulillahi. Sasa jirani amemletea vidonge vya vimeng'enya: bromelaini ya nanasi na papaini ya papai, eti visaidie kupunguza uvimbe. Dawa ya hospitali haachi, hilo halina mjadala. Ninachoogopa ni damu: bromelaini inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, naye maumivu yakizidi humeza diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nayo inaweza kuongeza hatari hiyo. Aliyewahi kuchanganya hivi, daktari wake alimwambiaje? Kliniki yake hospitali ya Maweni ni mwezi ujao, vidonge bado nimevizuia.