MREJESHO: Snea iliyokuwa inalia "piiing" imetulia (sio yote)

Wakuu, mimi ni yule wa Mtwara niliyeuliza kuhusu snea ya kanisani (ile ngoma ndogo ya drams yenye nyaya chini), inchi 14, kila ukiipiga inaacha mlio "piiing" unafunika mpaka waimbaji. Asanteni sana kwa majibu.

Nilianza na tishu na solotepu kama wengi mlivyosema maana ndo rahisi, nikakunja tishu nikabandika karibu na ukingo, Jumamosi mazoezini safi kabisa, Jumapili joto la huku mnalijua, katikati ya ibada solotepu ikaachia tishu ikaruka mpaka kwa mpiga kinanda. Tulicheka, mzee wa kanisa hakucheka.

Ndo nikamrudia yule mkuu aliyesema nisizibe mlio kabla ya kutyuni, yaani kukaza ngozi ilingane sauti pande zote. Nikagonga taratibu karibu na kila skrubu ya kukazia ngozi, zote 8, kumbe mbili zimelegea hatari. Nikakaza kwa kuvuka, ya huku kisha inayoikabili, mpaka zikatoa sauti moja, hapo tu kama nusu ya mlio ikaondoka. Iliyobaki nikachukua ngozi ya ngoma ya zamani iliyotoboka katikati, nikakata pete ya upana wa vidole viwili, nikailaza juu. Haihitaji gundi na snea bado inatoa ule mlio mkali wa kupasuka vizuri.

Kilichogoma ni zile nyaya za chini, gitaa la besi likiingia tu zinachachatika, pete haigusi kabisa hilo. Kwa sasa kwenye pambio za taratibu nazishusha zisiguse ngozi, kwa kile kishikio cha pembeni.