Mbolea ya CAN inapoza maji, sasa inayeyukaje yenyewe kama inahitaji joto?

kidato5_pcb
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nipo form five PCB, topiki ya themodainamiki inanitesa. O level tuliambiwa mmenyuko unaotoa joto ndo unatokea wenyewe kirahisi, nikakubali. Sasa juzi mzee alikuwa anayeyusha CAN ya mahindi kwenye ndoo, nikaishika ile ndoo imepoa mpaka nje, hakuna aliyepasha moto wala nini na mbolea inayeyuka tu. Yaani inavuta joto halafu inatokea yenyewe?? Ticha nikamuuliza akasema "hiyo ni entropi" akaendelea na ubao wake. La pili ni swali la pastpepa, tutafute CaCO3 inaanza kuvunjika kwenye joto gani, delta H (joto linaloingia) wamesema 178 na delta S (badiliko la entropi) 160.5, nikigawanya napata kelvini 1.1, kwa hesabu hiyo mawe yote ya chokaa duniani yangeshaisha zamani 😂

mzee_wa_maabara
Entropi ni vurugu mdogo wangu. Chumba usipokipanga kinavurugika, hakijipangi chenyewe. Chumvi ikiwa ngumu imepangika, ukiiyeyusha ayoni zinatawanyika, vurugu imeongezeka, basi. Hiyo ya pili cheki yuniti, delta H ni kilojuli, delta S ni juli.

kemia_ya_mtaani
Yuniti mkuu kashamaliza, 178,000 gawa kwa 160.5 ni kelvini 1,109, toa 273 unabaki na nyuzi 836. Ila hiyo ya chumba mi siipendi asee, chumba unavuruga wewe, na haikupi hata namba moja ya kufanyia hesabu. Entropi inahusu namna ngapi chembe na nishati yake zinaweza kugawanyika, namna zikiwa nyingi entropi ni kubwa, ndo ile S = k log W (W ndo idadi ya hizo namna) waliyoichonga kwenye kaburi la Boltzmann kule Vienna.

Sasa kinachowachanganya wengi ni kuangalia kilichoyeyuka peke yake wakati sheria ya pili ya themodainamiki inadai ujumlishe na mazingira, na jumla hiyo ndo lazima iongezeke. Chukua amoniamu naitreti, ndo yenyewe iliyomo kwenye CAN (kingine humo ni unga wa mawe ya chokaa, ndo maana maji yanabaki na ukungu na chini kunatuama mashapo). Mole moja ikiyeyuka inavuta kilojuli 25.7 kutoka kwenye maji, ndoo, hewa, mkono wako. Kwa kelvini 298 hayo mazingira yamepoteza entropi 25,700 gawa 298, yaani juli 86.2 kwa kelvini. Upande wa pili chumvi kwa kuachia ayoni zake imepata 108.7. Toa hasara kwenye faida, imebaki 22.5 ya kuongezeka, kwa hiyo inayeyuka na hakuna sheria iliyovunjwa.

Halafu ile delta G = delta H − T delta S mnayokaririshwa (T ni joto kwa kelvini, na delta G ikiwa hasi kitu kinatokea chenyewe) ni hesabu hiyohiyo, Gibbs kaizidisha kwa T na kugeuza alama ili usihangaike na mazingira. Jaribu: 25.7 − 298 × 0.1087 inakuja kama −6.7. Gawa kwa 298, geuza alama, utaikuta 22.5 yako palepale. Na ile ya O level siyo uongo mtupu, mmenyuko ukitoa joto unayaongezea mazingira entropi, na kwenye joto la kawaida mara nyingi hilo fungu ndo kubwa. Mara nyingi, siyo mara zote.

kidato5_pcb
Daah hapo nimekupata mkuu, ubarikiwe. Sasa nigeuze, chokaa iliyochomwa CaO ukiimwagia maji inachemka kabisa, na vitu viwili vimekuwa kimoja, entropi si imepungua hapo?

kemia_ya_mtaani
Imepungua ndiyo, kama juli 26 kwa kelvini. Lakini imetoa kilojuli 65 kwa kila mole, gawa kwa 298 mazingira yamepata kama 218. 218 toa 26, bado faida kubwa tu. Na usiiguse kwa mkono ikiwa inachemka, inaunguza na ukirukiwa machoni ni balaa.

mtu_wa_pwani
Naongezea kidogo kwenye hiyo 836, huku kusini watu wamechoma sana matumbawe kutengeneza chokaa (serikali inakataza, inaua makazi ya samaki) na tanuri wanalisukuma moto kupita hapo. 836 maana yake ni pale presha ya CO2 inayotoka kwenye jiwe inafika atimosfia 1. Hewa ikiwa inapita na kuibeba CO2, jiwe linaanza kuvunjika hata chini ya hapo, ila polepole mno, na themodainamiki haisemi chochote kuhusu kasi, inasema tu inawezekana au haiwezekani. Joto lazima lifike mpaka katikati ya jiwe ndo maana wanakwenda 900 na zaidi. Tena hizo 178 na 160.5 ni za nyuzi 25, huko juu zinabadilika kidogo. Ila kwenye mtihani andika 836 uendelee, usianze kubishana na msahihishaji.

kidato5_pcb
😂😂 sawa mkuu. Kesho nina swali la Hess, nisifungue uzi mwingine ntaliweka hapahapa.