Simu inasema "hatari ndogo", shamba limeoza. Hizi programu zinamshauri nani?

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Siku nne mfululizo programu ya ushauri wa magonjwa ilinionyesha kijani: hatari ya bakajani chelewa (ugonjwa wa ukungu unaoozesha viazi) ni ndogo, usipulize dawa. Nikatii. Siku ya sita naingia kwenye viazi nakuta madoa meusi yaliyolowa, na chini ya majani utandu mweupe. Jioni hiyohiyo ndipo simu ikalia: "Hatari kubwa, chukua hatua." Hatua gani? Mankozebu ni dawa ya kinga. Ukungu ukishaingia ndani ya jani, unampulizia marehemu.

Nikaanza kuchimba. Kumbe vipimo vya hali ya hewa vinatoka kituo kilicho juu mlimani, kwenye upepo. Shamba langu liko bondeni, umande haukauki mpaka saa nne asubuhi, na ugonjwa huu unaishi kwa masaa hayohayo ya unyevu. Tena siku mbili kati ya zile nne kituo hakikutuma kitu kabisa! Programu ikajaza pengo kwa wastani wake, ikapaka kijani, ikanyamaza.

Halafu vigezo vya kutabiri ugonjwa. Uingereza walitumia kanuni ya Smith, iliyotungwa miaka ya 1950, kusema hatari imefika: siku mbili mfululizo, joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na kila siku saa zisizopungua 11 za unyevu wa hewa wa asilimia 90 au zaidi. Mwaka 2017 vikaja vigezo vya Hutton, saa zikashushwa hadi 6. Sasa mtu aliyepata saa 8 za unyevu kwa siku, kwa Smith alale, kwa Hutton awe na bomba mgongoni. Hii yangu inafuata kipi? Hawajaandika popote. Nimewauliza, nikajibiwa "mfumo wetu ni wa kisasa".

Na asije mtu kuniambia nipige picha jani. Mwaka 2016 watafiti waliifundisha kompyuta kutambua magonjwa kwa picha zaidi ya 54,000 za PlantVillage, hifadhi ya picha za majani, ikapatia zaidi ya asilimia 99. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti ikaporomoka hadi asilimia 31 hivi. Kwenye matangazo mnaonyeshwa namba ipi? Na hata ikipatia, picha inaona doa likishatoka. Mimi nilitaka kujua kabla.

Sizipingi kompyuta. Msimu uliopita hiihii iliniokolea mizunguko miwili ya dawa na nilishukuru. Lakini kama huna vipimo, andika "sina vipimo", nami nitaamka mwenyewe nikashike majani kwa mkono.

Nani humu amefunga kihisi chake cha unyevu wa majani shambani? Ulikiweka kimo gani, katikati ya mimea au juu yake? Nimebakiza robo ya shamba, na wingu limeshatanda tena.