Tupeane uzoefu: Kiingereza cha kwenu kinatamkwaje?

Mzee wa Uyole:
Wakuu, kwema? Jana kijiweni ubishi ulikuwa mkali. Neno "schedule" (ratiba), kijana aliyejifunzia Kiingereza kwenye video za Marekani anasema "skejuli", mwalimu mstaafu anasema "shedyuli", kila mmoja anamwona mwenzake hajasoma. Cha kijana ni cha Kimarekani, cha mwalimu ni cha Kiingereza cha zamani cha Uingereza, basi. Mimi nikabaki nawaza sisi wenyewe. Huku nyanda za juu mtu akitamka neno moja tu la Kiingereza unaanza kukisia katoka Tukuyu, Makete au Mbozi. Sisi Wanyakyusa lugha yetu haina z wala r. Babu yangu alikuwa karani, "zero" yake ilikuwa "selo" mpaka anastaafu, na hesabu zake hazikupotea hata senti. Leteni visa. Utani wa makabila ruksa, matusi hapana.

Wakala Tunduma:
Mkuu umenigusa. Kazi yangu ni kutoa mizigo hapa mpakani, na kwenye simu hakuna adui kama L na R. Namba za magari yetu zinaishia na herufi tatu. Kuna siku ofisini mtu kasomewa namba kwa simu, ikaingia R kwenye nyaraka wakati gari lina L. Lori likalala Nakonde, upande wa Zambia, dereva akatutukana kwa Kiswahili, Kiswahili kilipomwishia akahamia Kibemba.

Tangu hapo tuna alfabeti yetu. Marubani wana Alfa, Bravo, Charlie. Sisi tuna L ya Ludewa, R ya Rungwe, M ya Makete, N ya Njombe, K ya Kyela. Mawakala wa Zambia Ludewa hawaijui, kwa hiyo wao tunawapa L ya Lusaka, ila Rungwe wameshaizoea.

Balaa jingine ni irabu. Mtu akikwambia "i", lazima umuulize: ya Kiswahili au ya Kiingereza? Maana E ya Kiingereza inatamkwa kama i yetu, na A yao mtu akiwa na haraka unaisikia e. Hapo wilaya ndiyo mkombozi: I ya Iringa, hakuna mjadala.

Mzee wa Uyole:
Na Z?

Wakala Tunduma:
Z ya Zambia. Kuna mzee wetu mmoja wa Kyela yeye anasema "Sambia", lakini hatumkosei, kwa sababu S yake huwa ni ya Songwe.

Mama Nyanya:
Kamwene wote. Mimi nauza nyanya na vitunguu barabarani Ilula. Watalii wanaokwenda Ruaha wanasimama, wanapiga picha matenga, wachache wananunua. Mmarekani anasema "tomeito", Mwingereza "tomaato", jirani yangu wa meza "tometo". Fedha ni ile ile.

Kilichonishangaza ni maji. Alikuja kijana wa London, kashika koo, anasema "wo-a, wo-a". T kaimeza yote! Nikadhani anaumwa. Mwenzake Mmarekani akasema "wara", nikazidi kupotea. Akashuka mzee mmoja wa Scotland, akasema neno lile lile na t yake ipo, na r ya mwisho kaikwaruza kabisa kama sisi. Nikampa chupa tatu. Tangu siku hiyo Waskoti nawapenda, Kiingereza chao kinasikika herufi.

Mtoto wa Boda ya Posho:
Nilisoma bweni upande wa Mafinga. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa wa huku huku, r kwake ilikuwa msamiati wa kigeni. Anaingia: "Collect your exercise books." Nusu ya darasa wanakusanya madaftari, nusu wanatoa kalamu nyekundu wasahihishe, maana "correct" yake nayo ilikuwa "collect". Monita alikuwa Mkurya wa Tarime, ndiye tuliyemtegemea atufafanulie. Sasa Mkurya na L ni maji na mafuta! Yeye yote mawili aliyaita "correct". Mwisho tukawa tunatazama mkono wa mwalimu: ukielekea kwenye meza, tunakusanya, ukishika chaki, tunasahihisha.

Asiyependa Utani:
Visingizio tu. Kiingereza sahihi ni kile cha BBC, kingine ni kutokusoma.

Mwalimu Njombe:
BBC ya mwaka gani, ndugu? Siku hizi ina watangazaji wa Scotland, Wales na kaskazini mwa Uingereza, na kila mmoja anakuja na lafudhi ya kwao. Kule kaskazini, Manchester na Leeds, "bus" na "cup" wanazitamka kwa u inayokaribia ya kwetu. Mwanafunzi wangu anayesoma "busi" hapa Njombe darasa zima linamcheka, Manchester wasingegeuka hata kumtazama. Na London r ya mwisho wa neno haitamkwi: "car" ni "kaa", "doctor" ni "dokta". Babu wa Mzee wa Uyole hapo asingepata shida, ingawa "selo" ingebidi aeleze.

Mimi darasani nasisitiza l na r pale tu maana inapobadilika. Mtoto akisema "zebla" mnyama anajulikana, naendelea na somo.

Asiyependa Utani:
Sawa mwalimu. Lakini "skejuli" siitaki.

Fundi Mwanjelwa:
Mwezi uliopita kaja mteja, mzaliwa wa hapa hapa Mbeya ila kakaa Marekani muda mrefu. Gari linachemsha. Nikamtuma mwenyewe duka la spea akaulize wakati mimi nafungua. Anamwambia dogo wa duka, "Naomba reidieira." Dogo: hatuna. Akarudia, polepole, kwa adabu. Hatuna. Mimi nikafuata huku nafuta mikono, naiona inaning'inia juu ya kichwa cha dogo. Nikasema "rejeta", akainyanyua bila kuuliza.

Bei ilikuwa imepanda tayari. Dogo alishamsikia mteja akiongea.