Magego madogo yana kazi gani, na mbona mtoto hana?

Mzazi Mdadisi:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mwanangu wa darasa la nne amefundishwa kwamba mtu mzima huwa na meno 32, yaani meno ya mbele 8 ya kukatia, chonge 4 za kuraruia, magego madogo 8 na magego makubwa 12 ya kusagia. Tulipohesabu ya mdogo wake mwenye miaka minne tulipata 20 tu, na nyuma ya kila chonge palikuwa na magego mawili. Je, hayo ndiyo magego madogo? Na ikiwa yapo makubwa ya kusagia, madogo ni ya nini?

Mwalimu wa Sayansi:
Hapana, hayo ni magego makubwa ya utoto, kwa kuwa meno ya utoto hayana magego madogo kabisa. Yanapong'oka, aghalabu kati ya miaka 9 na 12, nafasi zake hushikwa na magego madogo ya ukubwani. Magego makubwa ya kudumu, kwa upande wake, hayachukui nafasi ya jino lolote, bali huota nyuma ya yale ya utoto: la kwanza karibu na miaka 6, la pili karibu na 12, na la mwisho ukubwani, ingawa wapo watu ambao haliwaoti kamwe. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea: kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kulipisha gego la miaka 6, hudhani ni la utoto na kuliacha lioze.

Msomaji wa Zamani:
Niongeze kuhusu kazi. Gego dogo kwa kawaida lina ncha mbili, nalo huvunja na kuponda tonge kabla halijafika nyuma, ambako ncha nne au tano za gego kubwa hulisaga taya la chini linapokwenda kando. Nguvu huzidi huko nyuma, kama vile mkasi unavyokata kitu kigumu kwa urahisi karibu na msumari wake. Neno "kuraruia" silipendi sana, maana chonge zetu ni fupi. Lakini mzizi wake ndio mrefu kuliko yote.

Mzazi Mdadisi:
Nashukuru. Nimemchungulia huyu wa darasa la nne, na kweli ana magego matatu kila upande. Lile la nyuma, chini kulia, lina doa jeusi nililolipuuza nikisubiri ling'oke. Kesho nitampeleka kwa daktari wa meno.